Seremala Apimwa Ini

"Sista, siumwi popote, mbona unanigongagonga kama mlango?" seremala alifoka, amelala chali kitandani, tumbo tupu tangu jana kama alivyoagizwa.

"Homa ya ini haipigi hodi, baba. Tulia!" Nesi alikandamiza kifaa mbavuni, kikagonga tena.

Seremala akatega sikio. Yeye mwenyewe hugonga mbao hivyohivyo kujua kama imeoza ndani.

"Ini limekuwa gumu, lina makovu mengi," nesi alisema, safari hii taratibu. "Dawa ni kila siku, na pombe ndiyo basi. Tukichelewa hapa, halirudi."

Seremala alipofika nyumbani hakugusa chakula. Aliingia karakana, akamaliza stuli aliyomwahidi dada yake, akampelekea.

"Miaka miwili unanipiga kalenda, leo umepatwa na nini?"

"Kalenda zimeniishia, dada. Kaa."