Kufuli la Juu

Wiki ile ya Siku ya Wazazi nilikuwa na ombi moja tu: mashine yetu isikwame, nisije nikasimamishwa mbele ya watu. Nilikuwa kidato cha tatu, na mwalimu akitaja jina langu darasani sauti yangu ilikuwa inashuka tumboni na kukaa huko mpaka kengele.

Klabu ya kompyuta tulikuwa wawili tu wa kudumu, mimi na mwenzangu wa dawati. Wengine walikuja siku ya kwanza, wakaona hakuna gemu, wakahamia kwaya. Msimamizi wetu, madam wa fizikia, alitupa keneli ndogo ya kujifunzia aliyoianza alipokuwa chuo. Keneli ndicho kiini cha kompyuta, kinakaa chini ya programu zote na kuamua nani atumie kumbukumbu sasa, nani aandike kwenye skrini, nani asubiri. Ile ya madam ilikuwa na mapengo aliyoyaacha makusudi, sisi tuyajaze.

Mpango ulikuwa tuweke mezani laptop ya klabu pamoja na kibodi ya pili ya kuchomeka. Wageni wawili wangeweza kuandika majina yao kwa wakati mmoja, na skrini ingewakaribisha na kuhesabu wangapi wamefika. Ikikwama, alisema madam, tutabandika michoro ukutani, na wa kuieleza michoro atakuwa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeichora. Alisema kwa upole kabisa. Ombi langu lilianzia hapo.

Tatizo la kwanza lilikuwa hesabu. Tukiandika kwa zamu, ilikuwa sawa. Tukibonyeza pamoja, watu wawili wanageuka mmoja. Sababu niliielewa Jumapili jikoni kwa bibi, kwa njia ya aibu. Bibi alionja mtori wake wa ndizi na nyama, akaona haujakolea, akaenda stoo kufuata chumvi. Nikaingia mimi, nikaonja, nikaona haujakolea, nikatia chumvi ya kwenye kopo la dirishani, nikatoka kwenda kuchota maji. Bibi akarudi akatia yake. Kila mmoja alikuwa ameonja kwanza na kila mmoja alikuwa sahihi, lakini mtori ule hata mbwa aliunusa akakaa chini kufikiri.

Kumbe ndivyo zilivyofanya zile programu ndogo mbili tulizoziita kazi, kila moja ikisoma kibodi yake. Moja ilisoma saba, na kabla haijaandika nane, nyingine nayo ikasoma saba. Zote zikaandika nane, mgeni mmoja akapotea. Dawa yake ni kufuli. Anayetaka kugusa hesabu alishike kwanza, asome, aongeze, aandike, halafu aachie haraka. Mwenzake asubiri. Nyumbani kufuli likawa ule mwiko wa kukorogea: asiyeushika haonji wala hatii kitu. Bibi aliipenda sheria hiyo kupita kiasi. Tangu siku ile mwiko hauachii, na kwangu mimi mwiko umekuwa mwiko kwelikweli.

Jumatatu hesabu ikatoka sawa, tukajiona mainjinia. Tukaongeza kufuli la pili, la skrini. Kazi ya kibodi, niliyoiandika mimi, iliandika jina na hesabu kwenye sehemu ya kumbukumbu tuliyoiita daftari, iliyolindwa na kufuli la kwanza, halafu ikaonyesha neno "karibu" kwenye skrini. Mwenzangu aliandika kazi nyingine, ya kupaka skrini upya kila wakati, na ili ipake ilihitaji kusoma daftari. Kwa hiyo kila kazi ilihitaji makufuli yote mawili. Jumanne tuliwasha, tukaandika majina kama dakika tano hivi, skrini ikaganda. Hakukuwa na onyo wala mlio. Tukazima, tukawasha, ikaenda vizuri, halafu ikaganda tena.

Kilichotuchanganya ni kwamba madam alikuwa ameshatuonya. Kama kazi moja imeshika daftari inangoja skrini, na nyingine imeshika skrini inangoja daftari, zitangojeana mpaka umeme wa kijiji ukatike. Wote mfuate mpangilio mmoja, alisema. Basi nilichora visanduku viwili kwenye karatasi, cha skrini na cha daftari, tukakubaliana tuanze na kufuli la juu. Tulikubaliana kwa midomo yetu wenyewe, tena mwenzangu akanipa mkono.

Jumatano tuligombana. Yeye anatoka Himo, na watu wa Himo wana maneno mengi, wamezoea kuitana kutoka ng'ambo ya barabara. Akaniuliza kama ile kazi yangu nimeiandika kwa Kichagga, maana kompyuta inaonekana inasubiri mkalimani. Jioni niliandika humu, kwenye shajara yangu, kurasa tatu za majibu makali, na nikiri kwamba moja lilikuwa zuri sana. Asubuhi nikaenda nikamsalimia kama kawaida.

Alhamisi baada ya vipindi madam akatuambia tuiache mashine. Akaiweka ile karatasi katikati ya dawati letu, akaweka kikombe cha chai juu ya kila kisanduku, chekundu kwenye skrini, cha bluu kwenye daftari.

"Ninyi sasa ndizo kazi zenyewe," alisema. "Kila mtu achukue kufuli la juu."

Tukachukua. Mwenzangu alichukua chekundu, mimi cha bluu. Tulikaa hivyo, kila mtu na kikombe chake, tumetulia vizuri.

"Haya, sasa la pili."

Mimi nikatazama chekundu mkononi mwake, yeye akatazama cha bluu mkononi mwangu. Madam alianza kucheka kabla yetu. Mikono yetu ilipaswa kugongana kwenye kikombe kimoja, mmoja apate na mwingine asubiri. Kugongana kule ndiko tulikokuwa tunakutafuta wiki nzima.

"Mbona umechukua cha chini?" mwenzangu aliniuliza.

"Hiki ndicho cha juu."

"Juu wapi? Kiko upande wa chini wa karatasi, kimekaribia tumbo lako."

Nikanyoosha kidole nyuma yangu, dirishani, uliko mlima. Nikajua hapohapo nimefanya nini, nikatamani dawati linimeze.

Darasani kwetu tunakaa tumeupa mlima mgongo. Na mimi nimelelewa na bibi, ambaye kwake juu ni upande wa mlima, basi. Sufuria jikoni husogezwa juu au chini hata kama meza imenyooka kama maji. Kitanda changu kina upande wa juu, na siyo wa mto. Kwa hiyo kisanduku kilichokuwa karibu na tumbo langu ndicho kilichokuwa karibu na mlima, na kichwa changu kikakiita cha juu bila hata kuniuliza. Mwenzangu alimaanisha upande wa juu wa karatasi, kama binadamu wengine.

"Aisee," alisema, akafuta macho. "Yaani ungekaa dawati la kutazama mlima, tungemaliza Jumanne."

Tukalifukuza neno juu kwenye kazi yetu. Daftari likawa namba moja, skrini namba mbili, na aliyeshika mbili haruhusiwi kuomba moja. Madam akatuongezea ukaguzi: yeyote atakayejaribu, keneli imtaje palepale kwenye skrini badala ya kuganda kimya. Ikamtaja mwenzangu mara mbili, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyepaswa kubadilisha. Moyoni nilifurahi. Ijumaa tulibonyeza kibodi zote mbili kama tunatwanga, kutoka mapumziko ya chakula hadi mlinzi alipokuja kufunga. Haikukwama.

Jumamosi, Siku ya Wazazi yenyewe, bibi alikuja na kitenge chake cha kanisani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye kibodi ya kwanza. Mzee mmoja kutoka Marangu alikuwa kwenye ya pili. Bibi alisimamisha kidole hewani, akauliza kwa ile sauti yake ya kuita mtu shambani:

"Sasa tukibonyeza pamoja, nani anatangulia?"

Watu wakageuka. Madam alikuwa mbali. Mwenzangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza.

"Atakayeshika mwiko kwanza, bibi," nilisema. "Mwingine anasubiri, halafu anapewa."

"Ahaa," alisema bibi, akamwambia yule mzee kwamba mambo yenyewe ni ya mtori tu.

Mzee akataka kujua mtori umeingiaje. Nikavichukua vile vikombe nikaeleza, na nilipoinua macho walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Mashine haikukwama, na mbele ya watu nikawa nimesimama vilevile.

Jioni tulilinganisha majina na hesabu, ikawa sawasawa. Ila mgeni mmoja alihesabiwa mara mbili. Bibi alikuwa amerudi kwenye foleni akaandika jina lake upya, kwa sababu alipenda kukaribishwa. Kwa hilo hatukuwa na kufuli.