Matanga Kwenye Jiko la Wanafunzi

Waswidi wana adabu moja ambayo mpaka leo inanishinda: mtu akifiwa, wanampisha. Wananyata mbele ya mlango wake, wanapunguza redio, na wakimkuta jikoni wanajifanya wanatafuta chumvi. Mimi ni Mzaramo. Kwetu mtu akifiwa, nyumba inajaa mpaka mfiwa mwenyewe anakosa pa kukaa.

Miaka ya sabini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, nami nilikuwa nasomea uuguzi Stockholm, nikiishi kwenye bweni la wanafunzi. Chumba cha jirani alikaa kijana wa Kiyahudi kutoka Poland, mwanafunzi wa hesabu. Alikuwa mmoja wa wale waliosukumwa nje ya nchi yao miaka ile: waliruhusiwa kutoka, lakini uraia waliuacha nyuma, na kurudi ikawa marufuku. Baba yake alikataa kuondoka. Mimi na kijana tulielewana upesi, maana Kiswidi chetu kilikuwa kibovu sawasawa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka ikaja telegramu: baba amefariki. Kijana akajifungia. Hakwenda darasani, hakula, na nilipomgongea aliniambia kupitia upenyo wa mlango kwamba anaacha masomo, kwamba haoni hata sababu ya kuamka. Hilo la mwisho lilinitia hofu. Nikamwendea mshauri wa wanafunzi, mtu mpole, ofisi yake imejaa maua ya vyungu. Alinisikiliza vizuri, akasema mlango wake uko wazi, kijana aje akiwa tayari. Nilishukuru, nikatoka nimefura. Mtu asiyeweza kujikokota mpaka bafuni, ofisini kwako atafikaje?

Aliyekuja mwenyewe ni bibi mmoja wa Kiyahudi wa hapo mjini, mwenye desturi ya kuwatembelea wanafunzi waliotoka Poland. Alikuja na sufuria ya supu, akambembeleza kijana kwa Kipolandi mpaka akatoka chumbani, akamkalisha jikoni kwenye kigoda kifupi. Naye akaketi. Basi. Neno hasemi.

Nikamnong'oneza, "Bibi, tunasubiri nini?"

"Kwetu mfiwa ndiye anayeanza kusema," akanijibu. "Sisi tunakaa naye tu."

Nilimpenda papo hapo. Hatimaye mtu anayejua kukaa matanga! Ila ule ukimya sikuuweza. Kijana aliikodolea macho sakafu, supu ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Nikaona hapa anatakiwa mtani. Kwetu mtani huja msibani akamwiga marehemu na kumchokoza mfiwa, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

Wangu alikuwa Mnyamwezi, mwanafunzi wa ufundi umeme, akiishi Hagsätra, treni inakoishia. Nikampigia simu.

"We Mzaramo, kwani hao Wayahudi ni watani wa nani?" akauliza.

"Wako, kuanzia leo. Njoo!"

Alikuja. Sikuwahi kumweleza habari za uraia. Alipofika kwenye korido alitungua koti la mtu ukutani, akalivaa, akapinda mgongo, akashika ufagio kama mkongojo, akaingia jikoni akichechemea.

"Mimi ndiye marehemu!" akatangaza kwa Kiswidi chake cha kubahatisha. "Nani kasema nimekufa ili huyu apate likizo? Mtazameni, kakonda kama ufagio wangu!"

Bibi akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nikacheka, ndiyo kazi ya mwenyeji. Mtani akapata nguvu, akamsogelea kijana, akamnyooshea ufagio.

"Na wewe, mbona hukuja kunizika?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi aliushika mkono wa kijana. Mtani mwenyewe alihisi amekanyaga pabaya, ufagio ukaanza kushuka taratibu.

Kijana akainua uso. "Walinikatalia, baba," akasema. "Niliomba, wakanikatalia."

Akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, nami nikalia naye, na mtani ndani ya koti la watu akalia kuliko sisi sote. Bibi hakumnyamazisha mtu.

Kijana alipotulia alijifuta uso kwa mkono wa shati, akamtazama mtani kutoka juu mpaka chini.

"Halafu baba yangu hakutembea hivyo."

"Alitembeaje?" mtani akauliza, kwa unyonge.

Kijana akainuka. Akamvua koti, akalivaa yeye, ufagio akausukumia pembeni. Akaweka mikono nyuma, akatanguliza tumbo ambalo hakuwa nalo, akatoka kwenye korido akitembea polepole, akisimama mbele ya kila mlango kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Bibi alicheka huku machozi yakimtiririka. Kijana alifika mwisho, akageuka, akarudi kwa mwendo uleule. Mbele ya kigoda kilichobaki kitupu alisimama, akakitazama, akasema kitu kwa Kipolandi kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kasemaje?" nikamuuliza bibi.

"Kasema, 'Kula, mwanangu.'"

Kisha kijana akaketi kwenye kigoda, akala.