Nondo Aliyengoja Jina la Marlys

Orville Tesch alifanya kazi kiwanda cha jibini maisha yake yote, na alipostaafu hakutaka karata wala kuvua samaki kwenye barafu kama wanaume wenzake wa Wisconsin. Alifuga magugu. Nyuma ya nyumba aliliacha gugu liitwalo goldenrod limee hadi kifuani, maua ya manjano tupu, na kila Agosti jirani yake Duane aliegemea ua akipiga chafya na kumfokea.

"Orville, magugu yako yataniua!"

"Yanayokuua yako kwako, bwege wee! Chavua ya haya haipeperuki."

Duane hakuamini hata siku moja. Watu wa kule wamelibebesha goldenrod dhambi ya mafua yao yote, na ukilitetea wanakuona umechanganyikiwa.

Kilichomnasa Orville ni uvimbe ulioota kwenye mashina. Ndani ya kila uvimbe hukaa kiwavi mmoja akila taratibu, na akikomaa hutoka nondo wa kijivu, mdogo kiasi kwamba ukimpulizia pumzi amekwenda. Nondo hao wanafanana mno. Kumjua yupi ni yupi, lazima umkate dume tumbo, ulilainishe kwa maji ya magadi makali, kisha utazame viungo vyake vya uzazi kwa hadubini. Mwaka mmoja Orville aliona jino dogo kwenye kishikio cha dume, kile anachomshikia jike, jino lisilokuwamo vitabuni. Mtaalamu wa makumbusho alimjibu kwa adabu kwamba dume mmoja hatoshi, na huenda jino lenyewe ni uchafu tu. Atafute mwingine.

Akipatikana mwingine mwenye jino, basi huyo ni nondo mpya, na jina lake lilikuwa tayari. Angeitwa kwa jina la Marlys, binti yake wa pekee, aliyezama ziwani barafu ilipopasuka. Leona, mke wa Orville na mama wa Marlys, alichukia wadudu jikoni. Tangu aambiwe jina hilo, chupa za wadudu akawa anaziosha mwenyewe.

Wadudu hawana huruma. Mwaka baada ya mwaka uvimbe ulitoa nyigu, maana nyigu hutaga ndani ya kiwavi na wanawe humla angali hai. Macho ya Orville nayo yakaanza kufa, kuanzia katikati, na daktari akasema hakuna dawa. Vuli ya mwaka huo akatoka dume mmoja tu.

Mchana wa Januari, Leona ndiye aliyemkata dume huyo na kutazama kwenye hadubini, Orville akimwelekeza.

"Unaviona vishikio?"

"Naviona. Viwili, kama koleo."

"Haya, ukingo wa ndani. Na usinibembeleze, mama. Niambie kilichopo."

Leona akatazama. Ukingo ulikuwa laini, hauna jino. Akazungusha taa, ukawa laini vilevile. Akainua kichwa akamwona mumewe ameshika meza kwa mikono miwili, uso kaupinda pembeni kama alivyozoea siku hizi ili amwone mtu. Neno moja lingetosha. Lipo. Mzee angelala usingizi, na Marlys angekuwa na kitu duniani zaidi ya jiwe la kaburi. Leona alilitaka neno lile kwa uchungu wa mtu mwenye kiu.

"Halipo," akasema.

"Zungusha taa."

"Nimezungusha, Orvie. Ni laini. Halipo."

Orville akaiachia meza.

"Ulitaka kunidanganya."

"Nilitaka sana."

"Mbona hukunidanganya?"

"Ningemweka mtoto juu ya uongo? Mtoto wangu mimi?"

Orville akalia waziwazi, kamasi zikimtoka, bila kujifuta. Leona hakumgusa, kwa kuwa angemgusa naye angeanguka. Alipomaliza, Orville alimwambia achukue kikaratasi kinachochomekwa kwenye pini chini ya nondo, akamtajia cha kuandika: mahali, mmea, tarehe, kisha jina la nondo wa siku zote, yule anayejulikana na kila mtu.

"Mstari wa mwisho ni wa aliyemtambua."

"Naandika Orville Tesch."

"Mimi sikuona kitu. Andika lako."

"Usinifanyie hivyo, Orvie."

"Wewe ndiye uliyeona. Ndivyo kazi hii ilivyo."

Leona akainama juu ya kile kikaratasi kidogo kuliko ukucha, na chini ya jina ambalo halikuwa la mwanawe akaandika lake.