Bawabu wa Kwenye Video

Jirani akiwasha jenereta, moshi wake hunirudisha kwenye banda la video kule Mwaya, miaka ile bidhaa zilipoanza kumiminika kutoka Malawi. Tulikuwa tunaonyeshwa mikanda ya Kihindi. Stelingi, yaani shujaa wa mkanda, simkumbuki hata mmoja. Namkumbuka mzee aliyecheza bawabu: anafungua geti taratibu, anakohoa, anajifuta shingo kwa kitambaa. Hapigani wala haimbi. Akitokea tu, sisi watoto tunapiga kelele: "Babu!" Alifanana mno na baba mzazi wa baba.

Hapo mama, aliyekaa nasi bandani, alijifunika uso kwa kanga. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe. Wakikutana njiani, yeye hujificha migombani. Nyumba yetu na ya babu zilitazamana.

Watu walimcheka. "Mkwe ni mkwe," alisema, "hata kwenye video."

Babu alifariki. Matanga yalipokwisha, mama alinipeleka tena kuangalia mkanda uleule. Bawabu alipotokea, kanga ilibaki begani. Mama alimtazama mpaka geti likafungwa.

"Ndivyo alivyokuwa?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe alikuwa na uso wa upole."