Kiti Kilichosogezwa Mbele

Siku niliyokabidhiwa leseni yenye daraja E, la malori, nilidhani kuchanganyikiwa kumekwisha. Kumbe nilikuwa nimeruhusiwa kuchanganyikiwa na kitu kirefu zaidi. Kabla ya hapo niliendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikisambaza mchele kutoka Nyahanga kwa wateja wangu wa Kahama mjini. Sasa bosi mmoja wa Shinyanga, mwenye lori la kubeba magari matatu kwa msururu, alikubali kunijaribu kwa safari moja.

Masharti yake yalikuwa mawili. Gari lisichubuke, na mteja asishike usukani mpaka nilishushe mwenyewe na yeye atie sahihi.

"Ukirudi na karatasi tatu safi, mama, lori utaendesha wewe," aliniambia. "Ukirudi na lawama, mchele bado upo."

Hakujua kwamba kirikuu nilikwishakiuza ili nisomee udereva. Mchele ulikuwepo, cha kuubebea hakikuwepo.

Kulikuwa na gari la kwenda Kahama, pikapu ya kwenda Bugarama na gari la kwenda Geita. Nikapakia kwa mpangilio huohuo, la Kahama likatangulia, kwa kuwa Kahama ndiko ningefika kwanza. Wanaume wa pale yadi walinitazama nikifunga mikanda ya magurudumu. Mmoja akasema kaza, mwingine akasema legeza, wa tatu akasema wanawake wa siku hizi bwana! La maana hakuna aliyelisema.

Nilifika Kahama nimejaa majivuno. Nikalaza zile reli mbili za chuma za kushushia, nikaenda kulifuata gari la hapo. Lilikuwa mbele kabisa, limekaribia kugusa kichwa cha lori, na mengine mawili yamesimama nyuma yake kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Kwenye kirikuu gunia unalivuta kutoka ubavu wowote unaotaka. Nilisimama pale nikihesabu kwa vidole: la kushuka mwanzo lipakiwe mwisho. La kushuka mwanzo lipakiwe mwisho! Jambo dogo hivyo, na chuoni sikulisikia.

Mwenye gari, mzee mmoja mwalimu mstaafu, akasogea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna tatizo?"

"Hakuna baba, nakagua tu."

Ikabidi nishushe la Geita, nishushe pikapu, nishushe la mzee, halafu nipandishe tena yale mawili, safari hii la Geita kwanza. Mzee alikuwa ananitazama muda wote huo, kisha akatia sahihi. Ile pikapu ilikuwa na kiti cha watu warefu. Mimi ni mfupi, miguu haifiki kwenye klachi, kwa hiyo tangu kule Shinyanga nilikuwa nimekisogeza mbele kabisa na kukiacha hapo.

Bugarama mteja wangu alikuwa mchimbaji, mwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu, mwanaume mrefu kama nguzo ya umeme. Alikuja na wenzake watatu kuipokea pikapu.

"Mwadila, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, mayu yaani mama. "Dereva yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni, kwamba pikapu imetoka kwenye dhahabu ya duara lake. Mwanamke haingii duarani, akiingia dhahabu inakimbia. Na mwanamke akitangulia kuikalia gari hii, nyota ya duara itazimika.

"Kwa hiyo nitaishusha mwenyewe," akasema.

Hasira zilinipanda, na hofu ikazifuata. Nilikuwa nimeshakaa humo mara tatu tangu asubuhi: kupandisha, kushusha, kupandisha tena. Nikisema, ataikataa pikapu. Nikinyamaza, ataishusha yeye na sharti la bosi litakuwa limevunjika. Nikamtajia sharti.

"Bosi wako hayupo hapa," akanijibu, akapanda.

Akafungua mlango, akajikunja kuingia, magoti yakagonga usukani. Akakitazama kile kiti. Kisha akanitazama mimi, kuanzia kilemba mpaka viatu. Ufupi haufichiki.

"Mara ngapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tatu."

Akawaangalia wenzake kule kando ya barabara. Nikajua nimekwisha. Lakini hakushuka. Aliwasha gari hivyohivyo, magoti juu, wenzake wasimwone akikisogeza kiti, akarudi nyuma, na tairi moja ikaanza kuikosa reli. Nikapiga ukelele. Akafunga breki, jasho linamtiririka.

Alitoa kichwa dirishani akawaomba wenzake wakamletee maji ya kunywa dukani. Wote watatu. Walipokata kona tu, akaruka chini.

"Fanya haraka, mayu."

Nikaishusha. Akaingia, akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, na waliporudi na maji walimkuta ameshaegemeza kiwiko dirishani. Walimshangilia. Akatia sahihi, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: NIMESHUSHA MWENYEWE.

"Usimwambie mtu," akaninong'oneza.

Nilitikisa kichwa kukubali kabla sijafikiri. Geita nilishusha salama, lakini karatasi ile ilinikaa moyoni njia nzima ya kurudi. Nikimtunzia siri yake, nitaonekana nimevunja sharti. Nikimwambia bosi, nimevunja ahadi. Niliendesha kilomita nyingi bila kujua nitasema nini.

Bosi akasoma. Akaivua miwani.

"Sharti la pili lilisemaje?"

"Niliishusha mimi," nikasema. Nikamweleza yote, hata kosa la Kahama. Hakucheka. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akanipa ufunguo wa lori.

"Siku nyingine ukitoka kwenye gari la mtu, rudisha kiti nyuma."

Nilifurahi, kisha nikaenda nyuma ya lori nikalia, na hadi leo sielewi kilichoniliza. Nilishika ushauri wake safari zilizofuata. Kila gari la mchimbaji nililoshusha, nilisukuma kiti mpaka mwisho, ionekane gari limejishusha lenyewe.

Juzi nilipeleka jingine Bugarama, kwa mwenye duara mwingine. Nikalishusha, nikazima injini, nikainama nikashika chuma cha chini ya kiti. Nikakiachia. Kiti kikabaki mbele, palepale miguu yangu inapofikia, nami nikamkabidhi ufunguo.