Wimbi Nililomfutia Wifi Yangu

Wimbi bora kuliko yote niliyowahi kuyaona nililifuta mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki cha shahada.

Na aliyelipanda alikuwa wifi yangu.

Najua wengine mshaanza kuguna. Wifi na wifi tena! Subirini kwanza. Hata mimi nilijigunia hivyo hivyo miezi saba mizima.

Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha kuogelea. Lakini yakija mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mimi ni jaji.

Siyo jaji wa joho na nyundo. Tunapanda mnara wa mabomba na mbao pale ufukweni, majaji watano, kila mmoja na kiti chake cha plastiki na kompyuta yake, tumetengwa kwa mbao ili tusichunguliane. Mchezaji akimaliza wimbi unampa alama, sifuri mpaka kumi. Jua linakuchoma ubavu mmoja tu siku nzima. Ukitaka kwenda chooni unakimbia kama umeiba.

Wifi yangu huyo ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba kwao. Tunamwita Njiti kwa sababu alizaliwa njiti, miezi haijatimia, mama mkwe akamlea kwenye pamba mpaka akashika pumzi.

Sasa ndiye anayepanda mawimbi yenye urefu wa nyumba.

Siku ninayoisimulia ilikuwa fainali ya wanawake. Mshindi anaingia ligi ya dunia, ile ya watu ambao mchezo huu ndio ajira yao. Njiti alikuwa ameihangaikia nafasi ile miaka sita.

Asubuhi nilimfuata jaji mkuu. "Mzee, huyu wa fulana nyekundu ni wifi yangu. Niondoe kwenye fainali."

Akacheka. "Nikimwondoa kila mwenye ndugu majini, nitabaki na viti. Nenda kakae, mama. Andika unachokiona."

Ningegoma. Sikugoma. Hilo najilaumu mpaka leo.

Sasa nieleweni hapa, maana ndipo mzozo wote ulipo.

Majini kuna wachezaji wawili. Kwa zamu, mmoja wao anakuwa na haki ya wimbi. Yeye akilitaka, mwenzake analiacha. Ukilichukua ukamzuia, wimbi lako linafutwa, hata kama umelipanda kama malaika.

Zilibaki dakika nne. Njiti yuko nyuma kidogo. Haki ya wimbi iko kwa mwenzake, mgeni wa fulana nyeupe.

Likaja wimbi.

Jamani. Lile halikuwa wimbi, lilikuwa ukuta unaotembea. Nikaona fulana nyeupe anapiga mikono kulifuata. Nikaona nyekundu inakata mbele yake. Halafu povu likafunika kila kitu, na Njiti akazama ndani ya handaki la maji.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Akatoka! Amesimama wima, mkono mmoja nyuma, kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Ufukwe mzima ukalipuka. Mtangazaji sauti ikamkatika. Mimi mwenyewe nilisimama, jambo ambalo jaji haruhusiwi.

Nikakaa. Nikamkumbuka yule wa fulana nyeupe.

Jaji mkuu akaongea kwenye vifaa vya masikioni. "Nataka kujua kama nyekundu ameingilia wimbi la mwenzake. Wawili wamebonyeza kwamba ameingilia. Wawili hawajabonyeza. Namba tatu?"

Namba tatu ni mimi.

"Kamera za ufukweni zinaonyesha nini?" nikauliza.

"Povu tupu."

Kulikuwa na kamera moja tu majini, karibu kabisa na wale wawili. Lakini haikuwa ya mashindano. Ilikuwa ya jamaa mmoja mtengeneza filamu, tunamwita Miwani, ambaye alikuwa na miaka miwili akimfuata Njiti na kamera kila anapokwenda. Na muda ule alikuwa bado anaelea huko huko.

"Namba tatu, tunakusubiri."

Niliona nilichoona.

Nikabonyeza.

Wimbi likafutwa. Mgeni akashinda. Na mimi nikawa adui wa watu nisiowajua, peke yangu, maana wale wawili waliobonyeza walikuwa majaji wa kigeni na wakarudi kwao.

Nilipofika chini ya ngazi za mnara, mama mkwe alikuwa amesimama pale. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwanangu amekukosea nini?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa. Nikampita.

Njiti alitoka majini akapita katikati ya watu bila kusema neno. Si kwangu, si kwa mama yake, si kwa Miwani aliyekuwa anamkimbiza na kamera. Watu wakasema masikini, ameumia mpaka amekosa sauti.

Baada ya hapo akanichunia. Simu hapokei. Nikienda kwao, yuko bafuni. Bafu gani hilo la saa tatu nzima?

Miwani naye akatupia mtandaoni kipande kifupi cha filamu yake. Ndani yake nimo mimi, mnarani, asubuhi ile kabla hajaingia majini, nimekunja jicho. Nilikunja kwa sababu ya jua! Lakini ameipunguza kasi, akaweka muziki wa jini anatoka chupani.

Chini yake maoni elfu. "Oneni jicho la husuda hilo." "Wifi kamla wifi." "Mimi wangu alinifichia cheti, nawajua hawa."

Kwenye bwawa ninapofundisha, mzazi mmoja akamhamisha mtoto wake. Akamwambia msimamizi wangu eti anaogopa nitamfutia mwanawe kiwango. Mtoto mwenyewe hata kuelea alikuwa hajui.

Nikamfuata Miwani kwenye chumba anachohariria filamu zake. Vioo vyote vimezibwa kwa maboksi, skrini mbili zinawaka, ananuka kahawa.

"Nionyeshe zile dakika tu," nikamwambia. "Kama nilikosea, nataka kujua."

"Utaziona ukumbini siku ya uzinduzi wa filamu, pamoja na wenzako."

"Ndugu yangu, watu wananitukana."

Akazungusha kiti. "Dada, filamu yangu haina ugomvi na wewe. Watu ndio wana ugomvi na wewe."

Nilitoka pale nimebamiza mlango. Ukweli uko kwenye boksi la mtu, hatua mbili kutoka mkononi kwako, na ananywa kahawa pembeni yake!

Lakini kilichonimaliza hakikuwa hicho. Kilichonimaliza ni mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole, hana makuu. Siku moja tunakula mchana, akaweka kijiko chini.

"Hivi una uhakika kweli?"

"Nilikuwa nao."

"Na sasa?"

Nikaanza kukusanya vyombo. Kila nikifumba macho naliona lile povu, na kila siku lile povu lilikuwa linaongezeka. Mpaka nikawa sijui kama nilimwona yule wa nyeupe anapiga mikono, au nilijitungia ili nipate usingizi.

Mama mkwe akaita kikao. Filamu ilikuwa inaonyeshwa Jumapili alasiri, ukumbi mkubwa, na yeye alikuwa na sharti moja tu.

"Filamu ikiisha, utasimama mbele ya watu umwombe radhi wifi yako. Ukishafanya hivyo, kwangu yameisha."

Nilikuwa nimechoka, jamani. Nimechoka kununiwa, nimechoka kujieleza.

Nikasema sawa. Nikaandika maneno ya kuomba radhi kwenye karatasi, na kwenye karatasi nyingine nikaandika barua ya kuacha ujaji.

Jumapili ikafika. Ukumbi umejaa mpaka watu wameegemea kuta. Njiti kaketi mstari wa mbele, mimi nyuma yake mstari wa tatu, mume wangu kushoto, mama mkwe kulia kama askari magereza.

Miwani akapanda jukwaani, akajisifu kidogo, akaomba radhi kwamba filamu haijakamilika kabisa. Muziki alikuwa bado hajaushonea kwenye picha, kwa hiyo ungetoka kwenye kompyuta ya pili kule chumba cha mitambo, nyuma ya ukumbi.

Filamu ikaanza. Nzuri, lazima niseme. Ikafika fainali.

Nikaona Njiti anasimama. Anapita pembeni, kichwa chini, anatoka. Watu wakasema masikini, hawezi kutazama.

Kwenye skrini, bahari. Ngoma zinapigwa. Ngoma zinapanda. Wimbi linainuka...

Pap. Muziki ukakatika.

Ukumbi ukachachamaa. "Sauti! Fundi, sauti! Mnalala huko?"

Fundi mitambo, masikini, akafanya alichoambiwa. Akapandisha sauti ya filamu yenyewe mpaka mwisho.

Spika zikanguruma. Upepo. Maji. Pumzi za mtu anayepiga mikono. Kamera iko karibu nao kabisa. Kwenye matone ya kioo unaona weupe tu juu ya wimbi, lakini sauti ya mgeni iko wazi:

"Langu! Langu hili!"

Na sauti ya Njiti, safi kama yuko mstari wa mbele pale:

"Najua!"

Kisha wekundu ukakata mbele ya weupe.

Watu mia tatu walisikia.

Miwani alikuwa anakimbilia nyuma kama anayefukuzwa na nyuki. Alichelewa. Mlango wa chumba cha mitambo ukafunguliwa, akatoka Njiti na waya wa muziki mkononi.

Akasimama pale pale mlangoni. Hakutumia kipaza sauti.

"Nilijua siyo langu," akasema. "Nilijua tangu mwanzo. Nilidhani povu litanificha."

Akamtazama mama yake. "Mama, wifi simdai radhi. Yaani... mimi ndiye ninayetakiwa kumwomba."

Mama mkwe akageuka kunitazama. Nikajiambia leo, leo nitasikia neno la radhi.

Akasema, "Na wewe nawe! Ungekazana kujitetea."

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Nje, upande wa nyuma wa ukumbi, Njiti alinikuta nimekaa juu ya makreti ya soda. Akakaa.

"Miezi saba, Njiti?"

"Kila siku nilisema kesho." Alikuwa anauzungusha ule waya vidoleni. "Kila mtu aliponipa pole, ikawa ngumu zaidi. Miwani aliniambia nikae kimya, ngoma zitafunika sauti yangu. Halafu kaka akaniambia utasimama kuomba radhi. Nikasema hapana, hilo sitalitazama."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumzaba kibao. Nikafanya la kwanza. La pili nimelihifadhi.

Mngedhani simulizi inaishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Siku mbili baadaye akanipigia jaji namba tano, mmoja wa wale wawili ambao hawakubonyeza. Nimefanya naye kazi miaka minane. Kiti chake kiko mwisho kabisa wa mnara, upande ambao hauzibwi na kitu.

"Mwenzangu, nimesikia mambo ya ukumbini. Hongera."

"Ahsante."

Nikadhani anaaga.

"Mimi nilimwona yule wa nyeupe vizuri kuliko wewe," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Hata mdomo wake niliuona unafunguka."

"Sasa mbona hukubonyeza?"

"Ule umati wote, mama... Nikasema wengine watabonyeza."

Nilikata simu. Nilitembea sebuleni kwangu kama nusu saa, mume wangu ananifuata na glasi ya maji, sitaki kunywa.

Miezi saba najiuliza kama nina wazimu. Miezi saba nimekaa mji mmoja na watu wengine wawili walioona kitu kile kile. Mmoja anayeelea pale pale mbele yangu na kamera, mwingine hatua nne kutoka kiti changu. Wote wamekausha!

Kwa hiyo nawaambieni kitu kimoja, mfanye mnavyotaka. Kusema ulichokiona hakuchoshi. Kinachochosha ni kukisema peke yako, huku walioona wenzako wanatazama viatu vyao, mpaka unaanza kuyashuku macho yako mwenyewe. Usiombe radhi kwa kosa ambalo hukulifanya, eti kwa sababu tu umechoka kununiwa.

Na kama wewe ndiye uliyekaa kiti cha pembeni, ukaona, basi usimwachie mwenzako. Bonyeza.