Maziwa Tuliyoyachemsha

Mtu ataombaje radhi kwa kosa ambalo yeye mwenyewe haamini kwamba ni kosa? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku wa tatu wa safari yetu, nikiwa nimelala chini ya turubai pamoja na vijana watano, baiskeli zetu zikiwa zimeegemezwa kwenye mgunga. Nililigeuza kila upande. Nikisema, nitakuwa nimekubali kwamba moto wa wapishi unaweza kumuunguza ng'ombe aliye zizini. Nisiposema, mwanamke asiye na hatia atarudishwa kwao kesho. Kila nilipoona upande mmoja una nguvu, upande wa pili ulinijia na hoja mpya. Mwishowe nikaamka kukagua matairi, kazi ambayo nilikwisha kuifanya jioni, mara mbili.

Mimi ni mtu wa Bukoba, mtoto wa karani, niliyekulia kati ya migomba na vitabu. Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na nilikuwa Nyakahanga nikingoja barua ya kupangiwa shule. Wakati wa likizo niliombwa niwaongoze vijana watano wa darasa la juu, wenye miaka kumi na tano hadi kumi na saba, katika safari ya baiskeli ya siku nne, ili waione nchi yao wakiwa na miguu yenye nguvu. Nilikubali, kisha nikakaa wiki nzima nikiandika kwenye daftari mambo yanayoweza kutupata. Yalijaza kurasa mbili: simba, pancha, nyoka, homa, mto uliofurika, kijana kupotea, mimi kupotea. Chini ya kichwa cha magonjwa niliandika kwa wino mwekundu: maziwa mabichi.

Siku ya kwanza tulilala Chonyonyo, kwenye kiwanja cha kanisa, watu wakitushangaa kama tumekuja kukusanya kodi. Vilima vilituadhibu. Tulisukuma baiskeli zaidi ya kuzipanda, na kijana tuliyemwita fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuziba pancha, hakuacha kuwachokoza wenzake.

"Hiyo baiskeli yako inalia kama mbuzi wa Krismasi," alimwambia kijana tuliyemwita mrefu, aliyekuwa amefunga mkungu mzima wa ndizi kwenye keria.

"Ndizi hizi utazila jioni, na huyo mbuzi utamshukuru."

Siku ya pili, alasiri, migomba iliisha. Tulikuwa upande wa Kibingo, na mbele yetu palikuwa nyasi tupu na upepo. Tukaona boma moja la wafugaji. Nilikwenda mbele kuomba mahali pa kupiga turubai. Mwenye boma alikuwa mama mzee, mjane, mwenye msalaba mdogo shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmetoka wapi na hivi vyuma?"

Nilimweleza kwa Kihaya, naye akanijibu kwa Kinyambo, na tukaelewana bila taabu. Akatuonyesha mahali pazuri karibu na uzio wa boma, akatutolea kahawa za kutafuna kama wageni wa heshima. Mifugo yake mingi, alisema, ilikuwa mbali kwenye maji pamoja na mwanawe, kwa sababu ya kiangazi. Nyumbani alikuwa amebaki ng'ombe mmoja aliyezaa karibuni. Huyo ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba nzima.

Baadaye mkamwana wake, mke wa huyo mwanawe, alituletea maziwa. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani miezi mitatu tu iliyopita, naye alikuwa mdogo, pengine sawa na mimi. Alipiga magoti akanikabidhi kwa mikono miwili chombo cha mti wanachokiita ekyanzi, kilichofukizwa moshi wa nyasi hadi maziwa yenyewe yakanukia. Kisha hakuondoka. Alibaki pale kwenye magoti, macho chini, akingoja.

Nilidhani anangoja shukrani. "Asante sana, mama. Nenda tu, chombo tutakirudisha wenyewe."

"Mama ameniambia ningoje mpaka mnywe."

"Usijisumbue. Tutakunywa baadaye."

Alimtazama mmoja wa vijana wangu, yule ambaye mama yake alitoka katika familia ya wafugaji. Kijana akatazama nyasi. Mwanamke akasimama, akaenda zake polepole. Kusema kweli nilitaka aondoke. Niliona aibu kuchemsha zawadi yake mbele yake, kana kwamba namwambia nyumba yao ni chafu.

Nilimimina maziwa kwenye debe letu la kupikia, nikaongeza majani ya chai.

"Mwalimu, tuyanywe hivi hivi," alisema yule kijana wa wafugaji.

"Kwa nini?"

"Hapa hawachemshi."

"Na kifua kikuu?"

"Kifua kikuu kikija kitamkuta mwalimu anasoma daftari," alisema fundi, na wenzake wakacheka.

"Bibi yangu anasema ukiyachemsha, ng'ombe anaungua kiwele," alisema tena kijana wa wafugaji.

"Ataungua vipi, toka hapa mpaka zizini?" nikamuuliza. "Moto wetu una miguu?"

Wenzake wakacheka kwa nguvu, na mimi pia. Mwishoni naye akacheka, na mimi nikafurahi kwamba amecheka. Nilihesabu jambo hilo kuwa somo langu la kwanza la kweli kama mwalimu. Debe likafurika, maziwa yakamwagika kwenye makaa, harufu ya maziwa yaliyoungua ikatuzunguka. Chai ilikuwa tamu sana. Baada ya hapo nilichukua ekyanzi, nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni, ndani na nje, nikakisugua mpaka kikang'aa, kisha nikakiweka mlangoni pa nyumba kabla giza halijaingia. Niliporudi nilijisikia mgeni mstaarabu.

Asubuhi tulikuwa tunakunja turubai, miswaki midomoni, tuliposikia sauti zizini. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama ya mtu aliyevuta pumzi kwa ghafla na kushindwa kuirudisha. Tulikimbilia kwenye uzio. Mama mzee alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe wake. Upande mmoja wa kiwele ulikuwa umevimba, mgumu kama ndizi mbichi, na ndani ya chombo alichokishika maziwa yalikuwa na nyuzi za damu. Ndama alisogea kunyonya, mama yake akampiga teke.

Nilijua kitabu kinasema nini juu ya kiwele kinachovimba. Nilikuwa nimekisoma na kufaulu mtihani wake. Lakini pale kwenye uzio kitabu kilinitoka kichwani chote, na kilichobaki ni harufu ya maziwa kwenye makaa.

Mama mzee alisimama, akaenda mlangoni, akaokota kile chombo cha jana. Akakiweka puani. Niliuona uso wake ukibadilika.

"Umekiosha na nini?" alimuuliza mkamwana wake.

"Sijakiosha, mama."

"Kinanuka sabuni. Chombo cha maziwa hufukizwa moshi tu, si sabuni! Nani amekiosha?"

Yule mwanamke aliinua macho. Yakapita juu ya vijana, yakafika kwangu, yakakaa. Alijua. Pengine alituona jana kutoka mlangoni, pengine ile harufu ilimfikia. Nilingoja aniaibishe. Badala yake aliyashusha.

"Sijui, mama."

"Nilikwambia ungoje wanywe mbele yako. Uliwaachia?"

Mkamwana akapiga magoti.

"Miezi mitatu tu, na ng'ombe wangu anatoa damu. Mume wako akirudi kesho kutoka kwenye maji atakusindikiza kwenu. Mkono wa namna hii siuweki kwenye maziwa yangu."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha akatugeukia, na hapa ndipo nilipopigwa na butwaa ambalo mpaka leo sijui nilipokee vipi. Akainamisha kichwa mbele yangu, mimi kijana nisiye hata na shule ya kufundisha.

"Mwalimu, mnisamehe. Leo sina maziwa ya kuwapa. Nyumba yangu imeharibika nanyi mkiwa wageni."

Nikasema, "Pole sana, mama."

Hayo ndiyo maneno yote niliyoyasema. Kisha nikaenda kufunga mizigo.

Tuliondoka haraka, na hakuna aliyeimba kama tulivyokuwa tukiimba. Mchana tairi la mrefu likapata pancha, tukakaa chini ya kivuli kidogo fundi akiliziba. Nilijisogeza karibu na kijana wa wafugaji.

"Kwa nini hakunitaja?" nilimuuliza. "Aliniona."

"Angesema nini? Mgeni hashtakiwi. Akisema mmechemsha, ataulizwa alikuwa wapi. Alipaswa kungoja, anywe mgeni, yeye arudi na chombo. Aliondoka."

"Nilimwambia mimi aondoke."

"Ndiyo."

"Watamrudisha kweli?"

"Mke aliyerudishwa kwa ajili ya maziwa, mwenye ng'ombe gani atamchukua tena? Hata kwao watamwogopa."

"Mbona hukuniambia mambo haya jana?"

"Nilikwambia, mwalimu."

"Ulisema hawachemshi. Hukusema kwamba..."

"Mwalimu," alinikatiza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima kuliko yangu, "ulicheka. Na mimi nikacheka ili wasinicheke."

Fundi aliinamia tairi. Aliendelea kusugua mpira kwa kipande cha jiwe, akasugua zaidi ya ilivyohitajika.

Tukaendelea mpaka jioni, kila mzunguko wa gurudumu ukinipeleka mbali na lile boma. Tulipopiga kambi nilifungua daftari nikaandika barua ya kumtumia mama mzee. Ya kwanza ilieleza kwamba kiwele huvimba kwa uchafu au kwa mwiba, na kwamba ni jambo la kawaida kwa ng'ombe aliyezaa karibuni. Ya pili ilieleza hayo hayo kwa upole zaidi. Ya tatu ilikuwa na neno "samahani", nikalifuta, nikalirudisha. Ndipo nikakumbuka kwamba katika boma lile sikuona hata mtu mmoja anayesoma, na kwamba barua hiyo ingesomwa na mkungu wao, yaani mkuu wa kijiji, kisha ingesafiri mpaka kwa wale wanaopanga walimu. Nikaona jinsi akili yangu ilivyokuwa nyepesi kunitafutia maficho.

Usiku ule nilioueleza mwanzoni nilibishana na mama mzee kichwani. Nilimshinda kila mara. Nilimweleza vijidudu, nilimweleza moto, nilimchorea kiwele chenye mirija yake. Naye kila mara alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza tena: nani amekiosha?

Karibu na alfajiri nilishtuka, si kwa sauti, bali kwa urahisi wa jambo. Hakuwahi kuniuliza kama moto una miguu. Aliuliza nani alikiosha chombo. Swali hilo halikuhitaji kitabu wala imani. Lilikuwa na jibu moja, na mwenye jibu alikuwa anafunga mizigo wakati mtu mwingine akiadhibiwa. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Kurasa mbili za hatari nilizoziandika, na hakuna mahali nilipoandika kwamba hatari inaweza kuwa mimi.

Vijana walipoamka niliwaambia. Nilisema nitarudi kwenye boma, nao wafuate njia ya nyumbani wakiongozwa na mrefu, na nitawafikia nikiweza.

"Utarudi peke yako, wakutoe meno?" aliuliza fundi.

"Nitajua huko huko."

Mrefu alikuwa anafunga mzigo wake. "Chai tulikunywa wote," alisema, bila kunitazama, akageuza baiskeli ikaelekea tulikotoka.

Tulisimama njiani mara moja tu. Pancha moja ilitupata, fundi akaiziba kwa haraka nisiyowahi kuiona. Kwenye vilima niliogopa kwamba tumechelewa, kwenye miteremko niliogopa kwamba tutawahi. Nilipanga maneno kwa Kihaya, nikayapanga tena kwa Kiswahili, yote yakanitoka tulipoliona boma.

Mume alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni na fimbo yake, mavumbi ya safari bado miguuni. Mkewe alikuwa ameketi nje kwenye jua, kifurushi kimefungwa kwa kitenge kando yake, amevaa gauni ambalo nadhani ni lile la kanisani. Hakuna aliyekuwa akilia. Mama mzee alitoka, akaweka kiganja juu ya macho kututazama.

"Walimu wa baiskeli," alisema. "Mmesahau nini?"

Vijana walisimama nyuma yangu, nikawasikia wakihema. Nililaza baiskeli kwenye nyasi, nikavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Jana uliuliza nani aliosha chombo. Ni mimi. Nilikiosha kwa sabuni. Na maziwa yako hatukuyanywa kama ulivyotupa, niliyachemsha kwenye debe, kwenye moto, pale. Yeye alitaka kungoja. Nilimfukuza mimi."

Mume alimtazama mkewe. Mama mzee alinitazama mimi tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina na mgeni asiyemjua. Sikuongeza neno juu ya vijidudu. Niliketi chini kwenye vumbi la mlango wake, na vijana wangu mmoja mmoja wakaketi pia, tukangoja atuambie la kufanya.